Kidonge cha Kwale hakikuua kirusi chochote

Mwezi Julai 2025 jarida la tiba la New England Journal of Medicine lilichapisha matokeo ya utafiti uliofanyika kaunti ya Kwale, pwani ya Kenya. Watoto wa miaka 5 hadi 15 walioishi katika maeneo yaliyogawiwa ivamektini (dawa ya kuua minyoo na wadudu) mara moja kwa mwezi, miezi mitatu mfululizo, walipata maambukizi ya malaria kwa kiwango kilichokuwa chini kwa asilimia 26 kuliko watoto wa maeneo yaliyogawiwa albendazoli, dawa ya minyoo isiyomdhuru mbu. Ilikuwa habari njema, tena ya kwetu. Haikuchukua muda ikaanza kuzunguka kwenye simu ikiwa imevishwa kanzu nyingine. Binamu yangu aliituma kwenye kundi la ukoo akaiongezea maneno mawili tu: "Si niliwaambia?" Alichotuambia, kwa waliosahau, ni cha mwaka 2021: kwamba ivamektini inaponya korona na wakubwa wa dunia wanaificha. Sasa Kwale imemtolea ushahidi. Dawa iliyopigwa vita imeshinda malaria, kwa hiyo waliosema haiwezi virusi nao walikuwa waongo.

Mimi nayasoma matokeo hayo kinyume na anavyoyasoma yeye. Naona ndiyo yanayoeleza vizuri kuliko kitu kingine chochote kwa nini dawa hiyohiyo ilishindwa mbele ya virusi. Jambo linalotenganisha ushindi wa Kwale na kushindwa kule halina uhusiano na siasa, bei wala njama. Ni kiasi: dawa ngapi inaweza kufika mahali adui alipo, ndani ya mwili wa mtu aliye hai, bila kumuua huyo mtu. Mbu wa Kwale alikufa kwa kiasi ambacho damu ya binadamu hukibeba bila taabu. Kirusi cha korona, hata kwenye maabara iliyoanzisha mjadala wote huu, kilihitaji kiasi ambacho damu ya binadamu haikibebi.

Tuanze na mbu, maana watu wengi wamedhani ivamektini iliingia kwenye damu ya watoto wa Kwale ikapigana na kimelea cha malaria. Haikutumwa kwa kazi hiyo. Watu wa nyumba hizo, wakubwa kwa wadogo, walimeza mikrogramu 400 kwa kila kilo ya uzito wao. Kwa siku kadhaa baadaye, mbu aliyewauma alikuwa anakunywa damu yenye sumu kwake. Kimelea cha malaria, kikishaingia ndani ya mbu, huhitaji siku kumi na zaidi kukomaa kabla hakijaweza kumwambukiza mtu mwingine. Mbu akifa katikati ya siku hizo, safari ya kimelea imekatika. Hili ni la maana hasa kwa mbu wanaouma jioni watu wakiwa bado barazani, kabla ya kuingia ndani ya chandarua. Na mbu hahitaji dawa nyingi. Majaribio ya maabara yameonyesha kwamba hata nanogramu zisizofika 20 katika mililita moja ya damu zinatosha kuua nusu ya mbu wa malaria ndani ya wiki. Msomaji ashike namba hiyo, tutairudia.

Kwa nini kiasi kidogo hivyo? Hapa lazima turudi kwenye asili ya dawa yenyewe. Katika miaka ya 1970, mtafiti wa Kijapani Satoshi Ōmura wa Taasisi ya Kitasato alichota udongo karibu na uwanja wa gofu huko Kawana, mkoa wa Shizuoka. Ndani ya udongo ule mlikuwa na bakteria ambaye maabara ya kampuni ya Merck kule New Jersey, chini ya William Campbell, ilimkuta anatengeneza kemikali inayoua minyoo kwa dozi ndogo ajabu. Mifugo ilianza kutibiwa mwaka 1981, binadamu mwaka 1987, na mwaka huohuo Merck ikaahidi kuitoa bure kwa ajili ya usubi, ugonjwa wa minyoo unaopofusha, kwa kadiri itakavyohitajika na kwa muda utakaohitajika. Ōmura na Campbell walipata Tuzo ya Nobel mwaka 2015, wakigawana na Tu Youyou wa China aliyetupatia atemisinini, uti wa mgongo wa dawa mseto tunazomeza leo kwa malaria. Siri ya ivamektini iko kwenye neva. Minyoo na wadudu wana vijimlango katika seli za neva na misuli ambavyo sisi hatuna. Dawa huvishikilia vikabaki wazi, chaji ya seli inaharibika, na mnyoo au mdudu anapooza. Binadamu ana vijimlango vya jamii inayokaribiana navyo kwenye ubongo, lakini kuna protini inayofanya kazi ya ulinzi mpakani mwa damu na ubongo ambayo huirudisha dawa ilikotoka. Mbwa wa aina ya Collie, ambao wengi wao wana hitilafu ya urithi kwenye mlinzi huyo, hupata madhara makubwa kwa dozi ambazo mbwa wengine hawazihisi.

Ndiyo maana wazee wa Mahenge, Tukuyu na Ruvuma waliizoea dawa hii muda mrefu kabla jina lake halijagombaniwa mtandaoni. Kwao ni kingatiba ya usubi. Kwa watu wa Zanzibar na mwambao wa Tanga na Dar es Salaam ni kingatiba ya matende na mabusha, inayomezwa pamoja na albendazoli. Mgawa dawa wa kijiji hana mizani. Ana kijiti chenye alama, anakusimamisha pembeni yake, na urefu wako ndio unaosema umeze vidonge vingapi. Kwamba dawa inaweza kugawiwa mamilioni ya watu kwa kijiti ni ushahidi wa usalama wake katika dozi hiyo. Naomba mkazo ubaki kwenye maneno matatu ya mwisho.

Sasa virusi. Kirusi hakina neva wala misuli, na hicho kijimlango ambacho ivamektini inakishikilia hakina pia. Kwa hiyo kama dawa hii inafanya lolote dhidi ya kirusi, inalifanya kwa njia nyingine kabisa, na ni haki kukiri kwamba njia hiyo haikubuniwa na wapiga ramli wa mitandaoni. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Monash, Australia, waliichapisha mwaka 2012. Kiini cha seli zetu kina malango, na protini kubwa haziingii humo kwa miguu yake. Hubebwa na wapagazi, protini za jamii ya impotini. Virusi kadhaa huwatumia wapagazi hao: protini moja ya kirusi cha UKIMWI hubebwa kuingia kwenye kiini, na protini moja ya kirusi cha dengue vilevile, ingawa dengue huzaliana nje ya kiini. Virusi vingine huwavuruga wapagazi ili taarifa ya hatari isifike kiini kikapiga kengele ya kinga. Wana-Monash waliona kwamba ivamektini humlegeza mpagazi. Mzigo wa kirusi haufiki, au kengele inapata nafasi ya kulia. Ni nadharia nzuri, na uzuri wake ni kwamba hailengi kirusi chenyewe. Inalenga njia ambayo virusi vingi wanapita.

Kwa hiyo korona ilipofumuka, kuijaribu ivamektini haukuwa upumbavu. Aprili 2020 watafiti wa Melbourne walichapisha kwamba walipoweka dawa kwenye seli zilizoambukizwa, vinasaba vya kirusi vilipungua karibu mara 5,000 ndani ya saa 48. Ukiisoma sentensi hiyo peke yake moyo unaruka. Lakini karatasi ileile ilitaja kiasi kilichotumika: maikromola 5. Nusu ya nguvu hiyo ilionekana kwenye maikromola 2 na kidogo. Tukiibadilisha kuwa lugha ya sokoni, maikromola 2 ni takriban nanogramu 1,750 kwa mililita. Mtu wa kilo 60 anayemeza dozi ya kawaida, yaani vidonge vinne vya miligramu 3, hupata kwenye damu yake makumi ya nanogramu tu, tuseme 40. Kwa hesabu ya vidole, na mwili haufuati vidole sawasawa, angehitaji vidonge kama 175 kwa mkupuo. Na hatuko gizani kuhusu dozi kubwa: watu wazima wenye afya waliwahi kupewa miligramu 120 katika utafiti uliochapishwa mwaka 2002, mara kumi ya dozi ya kawaida, na damu yao ikafikia takriban nanogramu 250. Bado ilikuwa sehemu ya saba ya kinachotakiwa. Tena zaidi ya asilimia 90 ya dawa iliyo kwenye damu huwa imeng'ang'ania protini za damu, haiko huru kufanya kazi. Linganisha na mbu wetu anayekufa kwa nanogramu zisizofika 20. Damu ileile yenye 40 inamtosha mbu, na kwa kirusi ni kama kutia punje ya chumvi kwenye pipa.

Kuna jambo jingine kuhusu kisahani cha maabara ambalo wasimulizi wa hadithi hii huliruka. Seli zilizotumika Melbourne zilitokana na ukoo wa seli uitwao Vero, ulioanzishwa Japani mwaka 1962 kutokana na figo la nyani mdogo wa jamii ya tumbili, yuleyule anayetuibia mahindi. Seli hizo hupendwa na wataalamu wa virusi kwa sababu hazina uwezo wa kutengeneza intaferoni, protini inayoamsha kinga dhidi ya virusi, kwa hiyo virusi humea humo bila kupingwa. Ni shamba zuri, ila figo la tumbili si pafu la mtu. Tulishaonywa na klorokwini, dawa nyingine ya vimelea tunayoifahamu vizuri sana. Waliokua kabla Tanzania haijaiacha mwaka 2001 bado wanakumbuka ule muwasho. Nayo ilizuia korona kwenye seli za Vero. Kisha Julai 2020 watafiti wa Ujerumani wakaionyesha kwenye seli za pafu la binadamu: haikufanya kitu. Kwenye figo la tumbili kirusi kilikuwa kinaingia kwa mlango wa nyuma, ambao klorokwini huufunga. Kwenye pafu kinaingia kwa mlango wa mbele, kikifunguliwa na kimeng'enya ambacho klorokwini haina habari nacho. Jaribio kubwa la Uingereza lililoitwa RECOVERY likamaliza ubishi kwa upande wa wagonjwa waliolazwa: ndani ya siku 28 walikufa asilimia 27 ya waliopewa haidroksiklorokwini, ndugu wa klorokwini, na asilimia 25 ya waliopewa huduma ya kawaida.

Watetezi wa ivamektini wenye akili, nao wapo, wana majibu. Wanasema dawa hii hujikusanya kwenye tishu za mafuta na kwenye mapafu kuliko kwenye damu, kwa hiyo namba ya damu inadanganya. Ni hoja halali, lakini waliopiga hesabu ya mapafu walikuta hata humo kiasi hakifiki. Wanasema pia kwamba huenda haiui kirusi bali hutuliza uvimbe, au husaidia kinga kwa namna isiyoonekana kwenye kisahani. Hoja hii ni nzito zaidi, kwa sababu huwezi kuikanusha kwa hesabu ya nanogramu. Dawa nyingi ziliponya watu kabla hatujajua zinaponyaje. Lakini hapo ndipo faida ya jaribio la wagonjwa inapoonekana: halijali njia. Liwe ni mpagazi, liwe ni uvimbe, mgonjwa atapona mapema au hatapona.

Majaribio yalifanyika, mengi. La Brazil lililochapishwa Machi 2022 liliwagawa watu 1,358 sawasawa, nusu ivamektini ya siku tatu na nusu kidonge kitupu: walioishia kulazwa au kukaa muda mrefu kwenye kitengo cha dharura walikuwa asilimia 14.7 kwa 16.3, tofauti ambayo bahati inaweza kuitengeneza. Marekani walipandisha dozi hadi mikrogramu 600 kwa kilo kwa siku sita, na muda wa kupona ukawa siku 11 kwa kundi hili na siku 11 kwa lile. Uingereza, katika utafiti ambao wagonjwa walijua wanachomeza, waliomeza ivamektini walisema wamepona kama siku mbili mapema, lakini kulazwa na kufa hakukupungua. Malaysia ndiko penye namba ambayo ningekuwa mtetezi ningeing'ang'ania: kati ya wagonjwa 490, waliofariki walikuwa 3 kwa upande wa ivamektini na 10 kwa upande wa pili. Ila katika utafiti huohuo, waliozidiwa hadi kuhitaji oksijeni walikuwa wengi kidogo kwa upande wa ivamektini, asilimia 21.6 kwa 17.3. Vifo ni vichache mno kubeba hukumu, na majaribio makubwa yaliyofuata hayakuurudia mwelekeo huo.

Na kabla ya korona kuna ugonjwa uliokuwa uwanja mzuri zaidi wa kuijaribu nadharia ya mpagazi, nao unatuhusu. Dengue. Watu wa mwambao waliuita kidingapopo, na wapo wanaleksika wanaoamini kwamba jina la kimataifa lilizaliwa kutokana na neno hilo. Dar es Salaam ilipigwa nao mwaka 2014 na tena 2019. Huko Thailand madaktari waliwapa wagonjwa wa dengue ivamektini kwa siku tatu. Protini moja ya kirusi ilitoweka kwenye damu mapema zaidi, dalili kwamba huenda nadharia ina chembe ya ukweli hata ndani ya mtu. Lakini wagonjwa wenyewe hawakupata nafuu iliyopimika. Nimeurudia utafiti huu mara kadhaa, kwa kuwa unaonyesha wazi pengo lililopo kati ya "dawa inafanya kitu" na "dawa inatibu".

Sasa tufike pale ambapo mambo yananoga, kwa sababu kuna swali ambalo wapinzani wengi wa ivamektini hawakulijibu kwa uaminifu: kama haifanyi kazi, kwa nini tafiti kadhaa za mwanzo zilionyesha inaokoa maisha? Jibu la kwanza ni aibu. Utafiti mmoja wa Misri, ambao ulibeba mizani nzima ya tathmini za mwanzo, uliondolewa kwenye tovuti ulikowekwa Julai 2021 baada ya mwanafunzi wa udaktari wa London kugundua maandishi ya kunakili na data isiyowezekana, wakiwemo wagonjwa walioorodheshwa kuwa wamefariki kabla utafiti haujaanza. Ulipotolewa kwenye hesabu, faida kubwa ikayeyuka. Jibu la pili linafurahisha zaidi, na halihitaji kumwita yeyote mwongo. Kuna mnyoo mdogo, strongiloidi, anayepenya kwenye nyayo za anayetembea peku, akajificha utumboni kwa miongo mingi kwa kuwa anaweza kuzaliana humohumo. Mwenye naye huenda asijue maisha yake yote. Lakini mgonjwa wa korona aliyezidiwa hupewa deksamethasoni, ambayo hupunguza kinga, na kinga ikilala mnyoo huyu hulipuka mwilini na anaweza kuua. Ivamektini ndiyo dawa yake hasa. Uchambuzi uliochapishwa Machi 2022 ulizipanga tafiti za korona kwa kuangalia zilifanyika wapi, ukakuta vifo vilipungua katika nchi zenye mnyoo huyu kwa wingi, na katika nchi alikopatikana kwa uchache faida haikuonekana. Yaani dawa inaweza kuwa iliokoa watu kweli, kwa kuua minyoo, ile kazi iliyoijua tangu mwanzo. Hiki si kithibitisho kamili, ni maelezo yanayolingana na data, na kwa daktari wa nchi zetu yana maana kubwa kuliko ubishi wote: mgonjwa wa huku kabla ya kupewa deksamethasoni afikiriwe minyoo.

Hoja dhaifu kuliko zote, ambayo ndiyo inayopendwa kuliko zote, ni ile ya njama: ivamektini ni rahisi, haina tena hakimiliki, kwa hiyo makampuni yaliizima ili yauze dawa za bei mbaya. Sitaki kuidharau bure. Ni kweli serikali ya Marekani ililipa takriban dola 530 kwa dozi moja kamili ya Paxlovid, dawa ya korona ya kampuni ya Pfizer. Ni kweli pia kwamba Merck, ilipotamka Februari 2021 kuwa hakuna msingi wa kisayansi wa kutumia ivamektini kwa korona, ilikuwa yenyewe inatengeneza dawa mpya ya korona. Mwenye shaka ana haki ya kuinua nyusi. Lakini hadithi hii inaanguka ikikutana na deksamethasoni niliyoitaja hivi punde. Ni dawa ya tangu miaka ya 1950, ya bei ya karanga, haimtajirishi mtu. Juni 2020 jaribio la RECOVERY lilitangaza kwamba inapunguza vifo kwa theluthi moja kwa wagonjwa walio kwenye mashine ya kupumua na kwa sehemu moja ya tano kwa wanaohitaji oksijeni tu. Siku ileile Uingereza ikaanza kuitumia, na dunia ikafuata. Mfumo unaodaiwa kuzika dawa rahisi uliipandisha dawa rahisi jukwaani mchana kweupe. Mwenye kudai njama anatudai aeleze kwa nini ile ilipita na hii ikazuiwa.

Kosa la upande wa pili lilikuwa la ulimi. Agosti 2021 mamlaka ya dawa ya Marekani iliwaandikia watu mtandaoni kwamba wao si farasi wala ng'ombe, waache kumeza ivamektini. Walicheka wengi. Mimi sikucheka, kwa sababu niliwahi kusimamishwa kwenye kile kijiti, na mama yangu pia, na hakuna aliyetuhesabu kuwa mifugo. Dawa iliyowaepusha watu wengi wa Afrika na upofu iliitwa dawa ya farasi kwa sababu ya ugomvi usiotuhusu. Dharau hiyo ilikuwa mbolea: mtu anayeona anadhihakiwa kwa jambo analojua si kweli huacha kukusikiliza hata unaposema kweli. Machi 2024 mamlaka hiyo ilikubali kufuta maandiko hayo ili kumaliza kesi iliyofunguliwa na madaktari, bila kukiri kosa, na mara moja ufutaji huo ukatangazwa kuwa ushahidi kwamba dawa inatibu korona. Kesi ilihusu mipaka ya mamlaka ya kushauri madaktari. Kirusi hakikuwa shahidi. Leo majimbo kadhaa ya Marekani, Tennessee tangu 2022, kisha Idaho na Arkansas mwaka 2025, yamepitisha sheria za kuipata bila cheti cha daktari, na hizo nazo zinahesabiwa huku kwetu kuwa ni sayansi.

Je, basi dawa za vimelea zifungiwe mlango wa virusi? Hapana. Nitazoksanaidi, dawa ya vimelea vya kuharisha, huvuruga namna protini ya juu ya kirusi cha mafua inavyokomazwa, na mwili huweza kubeba kiasi kinachohitajika. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 2014 ilifupisha dalili za mafua kwa takriban saa 21. Ni faida ndogo, na bado haijatosha kuifanya dawa rasmi ya mafua, lakini ni faida iliyoonekana kwa watu. Niklosamaidi, dawa ya tegu, ambayo Zanzibar imewahi kumwagwa kwenye maji kuua konokono wa kichocho, huzuia korona kwenye seli kwa kiasi kidogo sana. Tatizo lake ni kwamba ukiimeza inabaki tumboni, kidogo tu ndicho kinachoingia kwenye damu. Kila moja ina swali lilelile, kiasi na mahali, na kila moja inastahili kuulizwa upya bila ushabiki.

Kwetu kosa hili lina gharama ya karibu. Anayeamini dozi ya kijiti haitoshi kwa kirusi, na kama tulivyoona kweli haitoshi, hatua yake inayofuata ni kuongeza. Duka la dawa za mifugo liko karibu kuliko famasi, na chupa ya sindano ya ng'ombe ina miligramu 10 katika kila mililita. Mililita 16 zinazidi vidonge 50. Yule mlinzi wa mpakani mwa ubongo ana kikomo, na akizidiwa mtu huchanganyikiwa, hutetemeka, hupoteza fahamu. Kaskazini mwa Kongo, mahali penye mnyoo wa loa, hata dozi ya kawaida inaweza kuleta hatari ya ubongo kwa mtu mwenye minyoo hiyo kwa wingi kwenye damu, ndiyo maana ugawaji huko hufanywa kwa tahadhari ya pekee. Na mgonjwa wa kidingapopo anayejitibu nyumbani kwa vidonge vya minyoo anapoteza siku zile ambazo angepaswa kufuatiliwa maji na damu yake.

Lakini gharama ninayoihofia zaidi ni ya Kwale yenyewe. Mpango ule ukija kupanuliwa, mgawa dawa atabisha hodi kwa mtu asiyeumwa chochote, na atakuwa na jambo gumu la kueleza: kidonge hiki hakimzuii mbu asikuume usiku wa leo. Atakuuma, na kama ana malaria ataiacha kwako. Kisha atakufa siku chache baadaye, kabla hajafika kwa mtoto wa nyumba ya pili. Faida yako itatoka kwenye kidonge atakachomeza jirani. Inahitaji watu wengi wakubali kwa pamoja, mwezi baada ya mwezi, kwa kuaminiana. Toleo la binamu yangu halina jirani ndani yake. Lina mtu mmoja na ngao yake ya siri waliyotaka kumnyima. Nilimwandikia hayo kwenye kundi. Akaniuliza kama huko Kwale walikuwa wanagawa bure.